Mama Aliyekataa Kijiko

Hadithi hii nililetewa na mtu ambaye naye aliletewa. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa, kaa chini kidogo uisome, kisha mpelekee mwenzako anayeuguza. Ni fupi, haitakuunguzia chungu.

Alikuwepo mwanamke mmoja aitwaye Nyamizi. Alikuwa na mtoto wa kunyonya, Tunu, na mume fundi seremala aitwaye Sefu, aliyefanyia kazi zake hapo hapo uani. Mama mzazi wa Nyamizi, Mama Kabula, alipopatwa na kiharusi, kule kwao hapakuwa na wa kumtazama.

"Aje kwetu," alisema Sefu, hata kabla mkewe hajafungua mdomo kuomba. Akachonga kitanda kipya, akakipiga msasa mpaka kikalainika, akaenda mwenyewe kumleta mkwewe. Wanaume wa namna hiyo hawajajaa, tusidanganyane.

Mama Kabula alikuwa amepooza upande mmoja wa mwili, na maneno yalikuwa hayamtoki. Daktari alimpima, akawaambia, "Koo lake ni zima, anaweza kumeza. Mlisheni, ila lazima awe ameketi. Mkimlisha akiwa amelala atapaliwa. Akila, atarudiwa na nguvu. Asipokula, tutampoteza."

Basi, Mama Kabula hakula.

Kila mlo ulikuwa hivi: Sefu aliacha randa yake, akanawa, akaingia chumbani. Nyamizi alikuwa mwembamba na hakuamini kwamba angeweza kumwinua mama yake, kwa hiyo kazi hiyo akaichukua mumewe. Alimketisha mkwewe, akamwegemeza kifuani pake ili asianguke. Nyamizi akapeleka kijiko. Na kila kijiko kilipokaribia, Mama Kabula aligeuza uso ukutani, akavuta kanga kwa ule mkono wake mzima, akajifunika.

"Kijiko kimoja tu, mama," Sefu alibembeleza. "Kwa ajili ya mjukuu wako."

Midomo ikazidi kubana.

Walijaribu uji wa ulezi, supu ya kuku, ndizi za kupondwa, viazi vitamu. Sefu alikwenda mbali kutafuta maziwa ya mgando kwa sababu aliambiwa wazee wa huko ukweni huyapenda. Maji na dawa Mama Kabula alikubali, kwa kuwa hivyo Nyamizi alimpa mwenyewe kidogo kidogo, akiwa amemwinua kichwa tu. Chakula, hapana.

Majirani wakaja na maneno yao. "Huyo ameshakata tamaa," walisema. "Anajiandaa kwenda zake. Usimsumbue."

Nyamizi aliwasikia, naye akaanza kuacha chakula chake. Atamezaje yeye wakati mama yake hali? Alipika, akapakua, akafunika. Baada ya muda maziwa yakapungua kifuani. Tunu alinyonya, akaachia, akalia. Nyamizi alikuwa mtu wa katikati, mama yake akififia upande huu na mwanawe akilia upande ule, na yeye hana cha kumpa yeyote. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Mchana mmoja uvumilivu ukamwishia. Kijiko kilikuwa mkononi, Sefu amemshikilia mkwewe, na kanga imeshapanda usoni kama kawaida.

"Mama, nimekukosea nini?" Nyamizi alilia. "Niambie! Mwanangu analia njaa na wewe unanifungia mdomo!"

Kweli, Tunu alikuwa akilia barazani. Sefu akamlaza mkwewe taratibu na kutoka kwenda kumbembeleza mtoto.

Hapo ndipo Nyamizi alipoona kitu ambacho hakukitegemea. Mama Kabula alishusha kanga. Akamtazama binti yake, akatazama bakuli, akafungua mdomo.

Nyamizi aliduwaa na kijiko hewani. Kule nje Sefu akakohoa, nyayo zake zikasikika zikirudi. Mdomo ukafungwa pale pale. Kanga ikapanda.

Nyamizi akaelewa.

Kwao kina Nyamizi, mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Hamgusi, hapiti karibu naye, hata kivuli chao hukwepana. Sefu alitoka mbali, na kwao mkwe ni mtoto kama watoto wengine. Lakini Nyamizi aliijua mila hiyo tangu utoto wake. Ila alidhani ugonjwa umeifuta. Mtu aliyepooza nusu ya mwili, alijiambia, ana nafasi gani ya kufikiria haya? Kumbe huyo mama, kila mlo, alikuwa ameegemezwa kifuani kwa mkwewe na kuambiwa afungue mdomo! Angekufa kwa njaa kabla ya kufanya hivyo.

"Baba Tunu, usiingie!" alipaza sauti.

Nyayo zikasimama mlangoni. "Kuna nini? Mama amezidiwa?"

"Hapana. Usiingie tu. Anakuonea haya, ndiyo maana hali."

"Ananionea haya mimi?" Sefu aliuliza kinyonge. "Kwa mabaya gani?"

"Si kwa mabaya, mume wangu. Anakuheshimu."

"Sasa utamwinuaje peke yako?"

Swali zuri. Nyamizi akapanda kitandani nyuma ya mama yake. Akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akavuta. Hakuweza. Akavuta tena. Alipomsikia Tunu akianza kulia upya, nguvu zikamjia, na zilitoka wapi hajui mpaka leo. Mama Kabula aliinuka, akaketi, mgongo wake ukatua kifuani kwa binti yake, pale pale alipozoea kulala Tunu.

"Haya, mama," Nyamizi alimnong'oneza. "Tuko wawili tu."

Mama Kabula akala. Alikula polepole, viazi vingine vikimdondoka upande uliopooza, lakini alikula mpaka bakuli likabaki na viazi kidogo. Alipopelekewa kijiko kingine, akausukuma mkono wa binti yake kwa kidole, ukarudi mdomoni kwa mwenyewe. Nyamizi akavila vile viazi akilia kwa furaha, na kisha akaenda jikoni akala ya kwake, akashiba. Jioni hiyo Tunu alinyonya mpaka akalala na chuchu mdomoni.

Tangu siku hiyo, saa ya chakula ikifika, Sefu aliacha kazi yake karibu na dirisha la mgonjwa na kwenda kukaa mwisho wa ua. Majirani wakasema mkwe amemchoka mgonjwa. Hakuwajibu, na Nyamizi naye hakuwajibu. Walikuwa na nafuu yao, wakaifaidi.

Nguvu zilirudi kidogo kidogo, na baadaye ulimi ukaanza kulegea. Asubuhi moja Nyamizi alipokuwa akimlisha mama yake, mama alizuia kijiko kwa mkono. Akahangaika na midomo yake, jasho likimtoka, mpaka maneno yakapatikana.

"Mkwe," alisema. "Amekula?"

Kuta zile zilikuwa nyembamba, na Sefu alikuwa akipita kwenda mwisho wa ua, ubao begani. Aliweka ubao chini, akajifuta macho, akajibu kwa sauti kubwa bila kusogea dirishani:

"Nimekula, mama! Nimeshiba kabisa!"

Uongo mtupu. Sahani yake ilikuwa bado jikoni imefunikwa.

Funzo: Ugonjwa humlaza mtu lakini haumvui heshima yake, kwa hiyo unapomuuguza mzazi usitazame upendo wako tu, tazama na haya yake; nawe mama unayeuguza huku unanyonyesha, kula chakula chako, maana wewe ndiye wanayeegemea wote wawili.