Kiboko na Gari Lisilotoka Kivulini

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mbona sauti ndogo, mmekula?
— Tumekula!
— Mimi sijala. Nimeshinda kwenye foleni, jua lote limeniishia kichwani. Leo nina hasira, na hadithi yangu nayo ina hasira. Niendelee?
— Endelea!

Hapo kale wanyama walikuwa na mji wao, mkubwa, wenye makelele. Wengi walikuwa wanapanda Jongoo. Jongoo alikuwa mrefu kuliko mtaa, mgongo mzima ni viti tu, na unamsikia kabla hujamwona: tapu-tapu-tapu-tapu! Anasimama, watu wanapanda. Anasimama, watu wanashuka. Wakubwa wachache walikuwa na magari, na hao wachache walitosha kuziba barabara zote.

Kiboko, mwenye duka la matikiti mjini, alimchukia Jongoo. Akipanda anachukua viti vya familia nzima, na bado ananung'unika. "Mimi na ukubwa wangu nikae na panya?" Akauza shamba, akanunua gari. Kubwa, jekundu, honi yake piiii! Kulifikisha nyumbani, lo! Geti dogo, gari kubwa. Haliingii kwa mbele, haliingii kwa nyuma. Jamani, mtu ananunua gari bila kutazama geti lake! Sasa alilaze wapi? Akaliegesha kituoni, pale pale Jongoo anaposimama.

Na kituo chenyewe kilikuwa mlangoni kwa Nguchiro. Nguchiro ni mnyama mdogo, mwembamba, macho hayatulii. Aliishi na mama yake, mwenye kidonda kibaya mguuni. Kila alfajiri mama alitakiwa afike hospitali kusafishwa kidonda, na Daktari Korongo alikuwa ameshamwonya: ukikosakosa kuja, mguu huu tutaukata. Zamani mama alikuwa akitoka mlangoni tu, yupo juu ya Jongoo. Sasa Jongoo anakuta gari, hana pa kusimama, anapita, tapu-tapu-tapu, mpaka juu ya kilima. Kiboko haamki mpaka jua likolee. Nguchiro anambeba mama mgongoni, anapanda kilima, mama analia kwa maumivu. Wakifika juu, Jongoo kaondoka.

Nguchiro akaenda kupiga hodi.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sema haraka."

"Naomba utusogezee gari, mzee. Mama hana pa kupandia."

"Naye anunue gari."

"Mzee, mguu wake unaoza!"

"Ndiyo maana nasema anunue gari. Kha! Kha! Kha!" Akafunga mlango, pu!

Nguchiro alikasirika mpaka mkia ukasimama wima. Lakini hakutukana. Akakaa kando ya barabara, akawa anamtazama Kiboko anavyokwenda kazini.

Na msidhani Kiboko alikuwa na raha. Anawasha, vruum! Mbele Nyati, nyuma Twiga, ubavuni Nyumbu na shemeji zake. Piiii! Hakuna anayesogea. Piiii! Hakuna anayesogea. Jongoo anapita kwenye njia yake, abiria wanatafuna karanga na kumpungia mkono. Akifika mjini anatafuta pa kuegesha. Anazunguka, hapana. Anazunguka tena, hapana. Anarudi nyumbani duka halijafunguliwa, matikiti yanaoza, shingo imevimba kwa ghadhabu.

Hapo Nguchiro akapata wazo. Asubuhi moja akamfuata kwenye foleni, akachungulia dirishani.

"Pole, mzee. Kuna kitu nakijua, ila utawaambia wengine."

"Siwaambii! Sema!"

"Nyuma ya soko la mboga, jirani na duka lako, chini ya mti wa mkungu, pana nafasi ya gari. Kivuli asubuhi, kivuli jioni. Tembo alikuwa anaegesha pale, amehama. Ila nasikia Kifaru anaitaka."

Kifaru mwenyewe wakati ule hakuwa na hata baiskeli.

Kiboko hakusubiri. Akapanda na gari ukingoni mwa barabara, akawarusha kuku wa watu, akafika. Kweli, nafasi ipo! Akaliingiza taratibu, akashuka, akalitazama, akatabasamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu alinunue.

Jioni akawasha ili arudi nyumbani. Nguchiro huyo.

"Unaondoka, mzee?"

"Naondoka."

"Haya. Kifaru yule pale, anajifanya ananunua mchicha."

Kiboko akageuka. Kifaru yupo kweli, maskini, ananunua mchicha wake.

Kiboko akazima gari. "Sasa nitarudije nyumbani?"

"Jongoo huyo anakuja."

"Mimi? Jongoo?"

"Leo tu, mzee."

Leo tu ikawa na kesho tu, kesho tu ikawa kila siku. Alfajiri Kiboko, yule yule asiyeamka, anadamka na kupanda Jongoo kwenda kuangalia kama gari lipo. Lipo. Jioni anawasha, anamwona Kifaru, anazima. Anapanda Jongoo. Kunguru wakataga kwenye usukani, majani yakaota chini ya magurudumu. Mtaniuliza, gari lina kazi gani sasa? Msiniulize mimi! Mimi nilishamchoka Kiboko huyu.

Lakini kituo kilikuwa wazi. Mama Nguchiro akawa anapanda mlangoni pake, na kidonda kikaanza kufunga.

Sasa Kifaru alikuwa anakodolewa macho kila jioni. Akauliza, "Mzee huyu nimemkosea nini?" Wauza mboga wakamwambia, "Anadhani una gari." Kifaru akaona aibu kwamba hana. Akakopa, akanunua. Hakuwa na pa kulilaza, na alfajiri moja ya mvua akaja kuliegesha wapi? Kituoni!

Abiria wakashika vichwa. Tapu-tapu-tapu, Jongoo anakuja. Nguchiro akamshika mama mkono. Kabla hajafungua mdomo, sauti ikanguruma nyuma yake.

"Wewe! Hapa ni kituo! Huyu mama mgonjwa apandie wapi?"

Ni Kiboko, kaloa chapachapa. Akainamisha kichwa, akalisukuma gari la Kifaru, grrr, grrr, likaingia mtaroni: chubwi! Jongoo akasimama. Mama akapanda. Kiboko akapanda nyuma yake, na Panya akasogea ampe nafasi.

"Asante sana, mzee," Nguchiro akasema.

"Usijali," Kiboko akasema, akijipangusa maji. "Hawa wenye magari ndio hawajui adabu ya barabara."

Basi, funzo ni hili: nunueni magari, ndugu zangu. Kopeni, uzeni mashamba, nunueni makubwa. Asiye na gari kivulini atapandaje Jongoo kwa moyo mkunjufu?

Hadithi imefika kituoni. Iliyokupendeza shuka nayo nyumbani kwako. Isiyokupendeza iache kwenye kiti, nitarudi nayo mwenyewe.