Ukuta wa Samaki wa Bwana Mbaruku

Nyumba ya samaki haisifiwi na mgeni. Mjomba wenu kawaambia hivyo alipowakuta mnapaka rangi chumba cha biharusi, nanyi mkacheka, eti mzee kaanza kuweweseka. Haya, kaeni. Chanzo cha maneno hayo nilikiona kwa macho yangu, Tanga, kwa jirani yangu Bwana Mbaruku.

Alikuwa fundi cherehani, anapenda sifa kuliko wali. Mkewe, Bi Mwanaidi, alifuga samaki wawili wa rangi ya chungwa katika tangi la kioo sebuleni, akiwapenda kama watoto. Ikaja habari kwamba Ijumaa watu wanakuja kumposa binti yao, Rukaiya. Bwana Mbaruku akalitazama tangi, nyuma yake ukuta umebanduka chokaa, akasema aibu hiyo haiwezi.

Akachukua lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, akalichonga ukuta wa mfano wa miamba, wa kutia tangini, akalipaka saruji. Lilipendeza, tusimnyime haki yake.

"Baba Rukaiya," mkewe akamwambia, "saruji mbichi ni kali, itawaua samaki. Iloweke kama tunavyoloweka chungu kipya. Mwaga maji, loweka tena, wiki kadhaa. Na rangi usitie."

"Wageni waje Ijumaa, miamba yangu ingali imelowekwa pipani?"

Ijumaa, mkewe alipokwenda sokoni, mwanamume akaipaka miamba yake rangi ya buluu iliyobaki ya mlango. Ikanuka. Basi akainyunyizia marashi ya mawaridi! Kisha akaitumbukiza tangini, samaki wamo humo humo. Bi Mwanaidi aliporudi alipitia mlango wa uani, akaja jikoni tulikokuwa tunakaanga kaimati.

Wageni wakaingia, nami nikatoka kuwakaribisha sebuleni: mshenga, na shangazi wa kijana, Bi Msimu, mwanamke wa sauti.

"Mashallah, nyumba ya samaki hiyo!" akasema Bi Msimu. Samaki walikuwa wamepanda juu, wanafumbua na kufumba midomo. "Tazameni, wanatuamkia!"

"Nimewafunza adabu," akajibu Bwana Mbaruku, kifua mbele.

"Basi na Rukaiya atakaa pazuri. Ghorofani kwetu, pamoja nasi mashangazi wanne. Kila anayeingia huisifu nyumba ile."

Bwana Mbaruku akafungua kinywa aseme wamekubali. Hapo mkewe akaingia na sinia la kaimati, akaona midomo ile. Sinia likaanguka puu! Akalinyakua jagi la maji ya kunywa la wageni, akawachota samaki kwa mikono, akawatia humo. Walilala ubavu. Nilidhani wamekwisha. Kisha mmoja akatikisa mkia, na mwenziwe.

"Ajabu," akasema Bi Msimu, anatafuna kaimati aliyoiokota mapajani. "Mbona nyumba yao ilikuwa nzuri?"

"Nyumba ya samaki haisifiwi na mgeni, Bi Msimu," akajibu Bi Mwanaidi, analia na kuhema. "Akaaye ndani ndiye ajuaye." Mara akamgeukia mumewe. "Na Rukaiya? Nani kamuuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi, Mungu anisamehe, sikuwa nimefikiria. Akaitwa, akatoka amejitanda kanga, macho chini.

"Kijana nimemridhia, baba," akasema taratibu. "Ila ile ghorofa ya mashangazi wanne, siingii."

Bi Msimu kaimati ikamkwama! Akapapasa meza akitaka maji, na jagi lililokuwepo ni lile lenye samaki.

Ndoa ilifungwa, vijana wakapanga vyumba viwili mtaa wa Ngamiani. Bwana Mbaruku akachonga ukuta mwingine, akauloweka mpaka akachoka kumwaga maji, wala hakuupaka rangi. Samaki waliupenda hata wakawa wanajificha nyuma yake kutwa, mgeni haoni hata mkia. Alinuna, lakini aliuacha.

Sasa ninyi na rangi yenu hiyo ya zambarau. Biharusi mmemuuliza? Mnatazamana nini? Wekeni brashi chini, mmoja wenu aende akamwite. Nyumba ya samaki haisifiwi na mgeni.