Mwamba na Somo Yake

Nimeletewa hii na mtu asiyependa utani, nami nakupa kama nilivyoipata. Isome mpaka chini kabla ya kuisukuma mbele.

Katika hospitali moja ya mlimani, habari za wagonjwa zilikaa kwenye kompyuta. Ukitaka kujua nani yuko kitanda gani na anatumia dawa gani, unafungua ukurasa, na seva inakujibu. Seva ni kama karani wa dirishani: unauliza, anachungulia ndani, anakuletea jibu. Wauguzi walimpa jina, wakamwita Mwamba.

Mwamba akazeeka. Waliomtengeneza wakaacha kumtibu maradhi yake, na fundi wa hospitali, Mwadime, akaweka seva mpya. Huko kwao mjukuu hubeba jina la babu, basi mpya naye akaitwa Mwamba vilevile, ili wauguzi wasihangaike na jina jingine. Watu walicheka, wakasema babu amepata somo, mwenye jina kama lake.

Mganga mkuu, Daktari Mghoi, akamwuliza fundi kama ile ya zamani imeondolewa.

"Nimeizima tu, daktari. Haili, hainywi. Mpya ikitusumbua tutamrudia babu."

Kwa siku za mwanzo lilikuwa neno la busara, simlaumu. Lakini mpya haikusumbua, miezi ikapita, na babu akasahaulika pale alipowekwa, pamoja na wagonjwa wake wa zamani. Tena alikuwa amezoeshwa kuamka mwenyewe kila umeme unaporudi, na hakuna aliyemwachisha mazoea hayo.

Alasiri moja ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha. Umeme ukakatika, kisha ukarudi. Muuguzi aitwaye Chao, mgeni hospitalini, ndiyo kwanza alikuwa anaingia zamu. Akamwita Mwamba, na Mwamba akaitika upesi kuliko siku zote.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala kijana Mwandoe, aliyepewa jina la babu yake mzaa baba. Mwili wake haupatani na penisilini. Utotoni alidungwa mara moja, koo likaziba, akaponea chupuchupu. Onyo hilo liliandikwa kwenye ukurasa wake. Ukurasa aliousoma Chao haukuwa na onyo lolote. Ulisema: kitanda cha dirishani, Mwandoe, sindano ya penisilini, jioni.

Chao akajaza sindano, akaenda. Hakuwa mzembe, aliuliza jina kwanza, kama alivyofunzwa. Kijana, macho yamemlegea kwa homa, akasema ni Mwandoe. Bibi yake, aliyekuwa akimwuguza, akaitikia kwa kichwa.

Chao akapandisha mkono wa shati la kijana, huku akimtania ili asiogope. "Kumbe una mke? Humu wameandika unamwulizia mkeo Mkamburi mchana kutwa, unataka aje kabla ukungu haujafunga njia."

Bibi akaushika mkono wenye sindano. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mwanangu, huyu hana mke," alisema. "Mkamburi ni mimi. Anayeniulizia ni mume wangu, na nilimzika kabla ya masika."

Chao alirudi kwenye kompyuta akasoma kitanda baada ya kitanda. Wodi nzima iliandikwa watu wengine. Kuna aliyekuwa akisubiri uji, kuna aliyekuwa akisubiri kupigwa picha, kuna aliyekuwa akiendelea vizuri. Akawauliza wenzake majina hayo, akaambiwa wengi wao wako makaburini. Na walio hai, waliokuwa wakikohoa mbele yake, Mwamba hakumjua hata mmoja. Mimi niliposoma hapo niliogopa, nikaweka simu chini kwanza.

Mwadime akaja mbio, akagundua kilichotokea. Umeme uliporudi, babu ndiye aliyetangulia kuamka. Akakaa kwenye dirisha la karani, akaitikia jina lake. Somo yake alipofika akakuta mahali pamekaliwa, akarudi kulala. Fundi hakutafuta udhuru. Alitaka kumfuta babu pale pale, lakini Daktari Mghoi akamwambia kwanza aweke nakala ya kumbukumbu zake mahali penye kufuli.

Fundi alipokuwa tayari kumwondoa, bibi Mkamburi akaomba aonyeshwe pale mumewe alipomwulizia. Hakujua kusoma. Chao akamshika kidole, akakiweka juu ya jina lake kwenye kioo.

"Nilikuja, Mwandoe," bibi akasema. "Njia ilikuwa imefungwa, nikakukuta umeshalala. Mjukuu wako yuko salama. Sasa nenda."

Fundi akangoja amalize, kisha akamtoa babu.

Mpelekee yeyote unayemjua anayependa kusema "iache tu, haina neno."

Funzo: Kipya kikishashika kazi, hifadhi kumbukumbu za cha zamani, kisha kiage na ukiondoe kabisa. Kilichozimwa tu hakijafa, na siku kitakapoitwa kitaitika.