Bakshishi ya Mtu wa Mtoni

Wapendwa, Biblia zenu zifungeni kwanza mnisikilize. Leo nawapeleka mlimani, kwenye mto wa maji baridi, na baridi yenyewe ni ya kuuma mifupa.

Kulikuwa na binti mmoja, wa mwisho kuzaliwa kwao. Alikuwa na duka lake la kushona nguo mjini, duka lililokuwa limeanza kushika jina. Baba yake alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu. Wakaguzi wa zamani mnawakumbuka? Akishuka tu kwenye gari, mwalimu mkuu anatokwa jasho. Basi huyu mzee alistaafu kazi lakini ukaguzi hakuuacha. Chai ikija ya moto, mbona inaunguza. Ikija vuguvugu, mbona imepoa.

Mzee akapata kiharusi. Upande mmoja wote ukalegea. Watoto wakakaa kikao, na kila mmoja akawa na sababu yake: huyu ana kazi ya serikali, huyu yuko nje ya nchi, yule mke wake ndiyo kwanza amejifungua. Macho yakamgeukia yule wa mwisho, ambaye hakuwa na mume wala mtoto. Akauza vyerehani vyake, akafunga duka, akarudi nyumbani kumuuguza baba.

Miaka ikapita. Akawa anamwogesha, anamlisha, anamgeuza ubavu asitoke vidonda. Kaka mkubwa akipiga simu Jumapili, dakika chache tu za salamu, mzee siku nzima anawaambia wageni, "Mwanangu amenikumbuka." Na huyu aliyemwinua kitandani asubuhi hiyo aliambiwa nini? "Soksi umenivalisha upande."

Mnacheka. Wengine mnacheka kwa sababu mzee huyo yuko kwenu.

Sasa, jambo moja mzee alilipenda maishani ni kuvua trauti, samaki wa mito ya mlimani, kwa fimbo na ndoano. Alipokuwa mzima alipanda kule kila msimu, na mtu wa kumwongoza mtoni alikuwa yuleyule miaka yote, mwanamume wa makamo, mpole. Mwaka mmoja mzee akaanza kumwomba binti yake: nipeleke mtoni mara moja tu. Binti akakodi gari, akampeleka.

Mwongozaji alipomwona mzee amekuwa vile, hakuuliza kitu. Alivua viatu, akakunja suruali, akamshika kiunoni, wakaingia mtoni taratibu, kwenye maji ya kina kifupi. Binti akabaki ukingoni na chupa ya chai na blanketi. Mto ule una kelele, maji yanapiga mawe, hasikii chochote. Lakini anaona. Anaona mdomo wa baba yake unavyokwenda, haupumziki. Anaona yule mtu akiinamisha kichwa kusikiliza. Halafu akamwona baba yake anacheka.

Wapendwa, alikuwa hajamwona baba yake akicheka tangu arudi nyumbani. Akajiuliza, huyu mtu ana nini ambacho mimi sina?

Jua lilipoanza kupungua nguvu wakamtoa mzee majini, wakamkausha, wakamweka kwenye gari. Mwongozaji akaenda kukusanya vifaa. Mzee akamwambia binti, "Mpe bakshishi huyo."

"Nimpe kiasi gani, baba?"

"Elfu hamsini."

Binti akashtuka. "Baba, malipo yake tumeshalipa pale kambini tulipoingia. Elfu kumi si inatosha?"

Mzee akakasirika, sauti ikatetemeka. "Mtu amenishika tangu asubuhi, amelowa mpaka mapajani kwa ajili yangu, halafu unampa elfu kumi? Wewe unajua ni kazi gani kumshika mtu mzima asianguke?"

Haya, niambieni. Neno hilo ungelijibu vipi wewe? Wewe unajua ni kazi gani? Anaambiwa nani? Anaambiwa yule ambaye mgongo wake ulikuwa umeanza kuuma kwa kumnyanyua.

Binti akafungua mlango wa gari. Alishuka, akamfuata mwongozaji, akamtia noti moja ya elfu kumi mkononi. Yule mtu akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, dada. Dada, samahani kidogo, mzee alikuwa..." Binti alikuwa ameshageuka. Akaingia garini, akafunga mlango.

"Umempa?" mzee akauliza.

"Nimempa."

Mzee akafumba macho, akasinzia njia nzima.

Hakwenda tena mtoni. Mvua za vuli zilipoanza, kifua kikambana, akafariki. Hata siku ile ya mwisho, neno lake kwa binti lilikuwa ni dirisha, alifunge, upepo unaingia.

Siku ya maziko watu walikuwa wengi. Kaka mkubwa akasoma historia ya marehemu, akashukuru madaktari, akashukuru majirani, akashukuru kanisa. Walipotoka makaburini, binti akiwa anapanga sahani uani, akamwona yule mwongozaji amesimama pembeni, kofia mkononi. Alikuwa ameshuka mlimani kwa lori la mbao.

Moyo ukamruka. Akadhani amefuata kilichobaki. Akaingia ndani, akarudi na noti nne za kumi kumi.

"Hizi ni zako, kaka yangu. Baba alisema nikupe, mimi nikazizuia. Nisamehe."

Yule mtu akarudi nyuma. "Hapana, dada. Mimi nimekuja kuzika. Na kukupa pole wewe hasa, kwa sababu siku ile mzee alikuwa akikusema wewe tu."

Binti akatabasamu kwa uchungu. "Kunisema najua. Hata nyumbani alikuwa akinisema kila siku."

"Si kusema huko, dada. Alikuwa akikusifu."

Binti akashusha mkono wenye noti.

"Alisema mikono yako haijamuumiza hata mara moja. Alisema asubuhi ukimvalisha alikuwa anafumba macho kama mtu wa usingizi, ili usimwone machozi. Alisema uliuza vyerehani na hujawahi kumtajia. Akaniuliza, hivi mtu kama huyo unamlipa nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia, mzee, mwambie ahsante tu. Akacheka sana. Akasema, nimechelewa, nikianza leo atadhani naaga."

Binti akazikunja zile noti. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilitaka, dada. Ukageuka. Halafu nikasema moyoni, haya ni mambo ya nyumbani, bila shaka wenyewe wanayajua."

Hapo, wapendwa, mngetegemea binti afurahi. Ameletewa neno alilolisubiri miaka. Unajua alisema nini? Alisema, "Afadhali usingekuja."

Akasema, "Hasira nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa nimejipanga kumzika baba asiyenipenda, na nimemzika. Sasa huyu mwingine unayeniletea, nimzike lini?"

Akalia. Waombolezaji wakasema, masikini, msiba umemwingia sasa. Hawakujua analilia nini.

Wanasema wiki chache baadaye alirudi makaburini peke yake kumjibu baba yake. Alisimama pale akijaribu kuanza. Maneno hayakuja. Alikuwa hajazoea kuzungumza na baba yake, angeanzia wapi kuzungumza na udongo? Akang'oa majani yaliyokuwa yameota, akarudi nyumbani.

Sasa mtaniuliza, mchungaji, yule mtu wa mtoni alistahili hamsini au kumi? Alistahili hamsini, na tena mzee hakukosea kusema hivyo. Mimi sina ugomvi na bakshishi. Mpe mhudumu wa hoteli, mpe aliyekubebea mzigo stendi. Ninachouliza ni hiki: kwa nini kumshukuru mgeni ni rahisi kwetu hivi? Si kwa sababu mgeni tukishampa noti ametoka mbele yetu, yameisha? Aliye nyumbani hatoki. Ukimwambia ahsante, kesho utaamka naye, na atakuwa ameshajua kwamba unamhitaji. Hapo ndipo tunapoogopa. Tunajificha kwenye soksi iliyokaa upande na joto la chai.

Na mtoto naye nisimwache. Aliuguza baba yake miaka yote akisubiri neno, na hakuwahi kusema, "Baba, nimechoka. Baba, niambie kama nafanya vizuri." Alinyamaza, akaiita heshima. Siku neno lilipokuja kwa mdomo wa mtu mwingine, hasira ilikuwa imeshamgeuza mgongo. Sisi ni yule mzee, ndugu zangu, na sisi ni yule binti. Wengi wetu ni wote wawili kwa siku moja.

Bwana wetu aliponya wakoma kumi, akarudi mmoja. Akauliza, wale tisa wako wapi? Ni Mungu, hakupungukiwa na kitu, na bado aliuliza. Wewe unadhani mke wako haulizi? Mama yako pale kijijini haulizi?

Nilikuwa na mambo mengine mawili ya kusema leo. Nayaacha. Kwa kawaida huwa nawakataza simu humu ndani. Leo nimewaruhusu. Zitoeni, ziwasheni, tokeni nje mmoja mmoja mkapige. Aliyeketi karibu na mtu wake asipige, amgeukie. Msitafute maneno mazuri. Na akikuuliza kama unaaga, mwambie hapana, ndiyo kwanza naanza.

Kwaya, msiimbe. Waacheni wasikie wanachosema.