Odette na Sauti Iliyoyumba

Ukungu wa Halifax haubishi hodi. Huingia bandarini asubuhi, ukameza madaraja na milingoti ya manowari, ukaacha honi za meli zikiitana kama watu waliopoteana gulioni. Asubuhi moja ya namna hiyo, Odette Saulnier alitoka kwenye bweni la chuo cha wanamaji, begi begani, macho mekundu kama pilipili hoho. Alikuwa ameanguka mtihani kwa mara ya pili, na kwa mila ya chuo kile, aliyeanguka mara mbili hakuwa na la kungoja isipokuwa basi la kurudi kwao.

Somo lililomshinda lilikuwa lile la vita vya kielektroniki. Kila rada, iwe ya meli au ya ndege, hutupa mawimbi yake angani, na mwenye kuyanasa humjua anayekuja kabla hajamwona kwa macho. Mtambo huyageuza mawimbi yale kuwa sauti masikioni mwa msikilizaji. Wanafunzi wenzake walizisikia sauti hizo wakasema bila kusita: hii ya meli ya shehena, hii ya ndege ya doria, hii ya boti ya makombora. Odette alisikia mbu tu. Mbu mmoja mkubwa, mbu mmoja mdogo, basi.

Langoni alikutana na mkufunzi wake, Wallace Pottle, mtu wa Newfoundland, mfupi, mnene, kikombe cha kahawa mkononi na utani mdomoni saa zote.

"Binti, unakwenda wapi na ukungu huu?"

"Nyumbani, Mwalimu."

"Kufanya nini?"

"Kupasua samaki kiwandani, kama mama."

"Loo! Hao samaki wamekukosea nini?" Pottle alikunywa funda moja la kahawa. "Sikiliza. Wa kukufukuza hapa ni mimi, na mimi leo sina nafasi. Rudisha begi ndani, jioni njoo darasani na njaa yako."

Odette aliduwaa. Alitaka kubisha, lakini miguu ilikuwa imeshageuka.

Tangu siku hiyo, wenzake walipokwenda mjini kujiburudisha, wao wawili walibaki darasani wakila mkate na soseji ya kukaanga. Pottle hakumwuliza majina ya rada. Alimwuliza mambo ya ajabu. "Huyu ana haraka au ametulia? Ni mzee au kijana? Anatafuta, au ameshapata?"

"Mwalimu, ni mashine hizo, si watu."

"Nyuma ya kila mashine kuna mtu, mwanangu. Rada inayotafuta hupita na kurudi, kama mlinzi anayemulika tochi uani. Iliyokwisha kukupata haiondoki tena juu yako. Sauti yake hunyooka kama uzi wa fundi seremala. Siku utakayousikia uzi huo, usingoje kuulizwa."

Hamadi! Taratibu, kama mtu anayezoea giza, Odette akaanza kusikia. Mbu wakawa wazee, wakawa vijana, wakawa wenye pupa na wenye uvivu. Mtihani ulipokuja tena, alifaulu. Alikimbia kumshukuru mwalimu wake, maneno yakamkwama kooni. Pottle akamwashiria mlango kwa kijiko. "Nenda baharini huko, unanimalizia soseji."

Odette akaenda baharini. Alifanya kazi kwa jasho na akili, akapanda cheo baada ya cheo, hata ikafika siku akavishwa magwanda ya afisa. Wapo watu ambao wakipanda ngazi moja hujiona wao ndio wao, wakawapa kisogo wale waliokula nao sahani moja. Odette hakuwa wa kabila hilo. Kila wiki, akiwa safarini, alishuka hadi chumba cha operesheni, akavuta kiti karibu na mabaharia wasikilizaji, akavaa hedifoni na kusikiliza pamoja nao. Walimwita afande, lakini walimtania kama dada.

Jambo hilo lilimkera afisa mwenzake, Luteni Carruthers, kijana wa ukoo wa maafisa tangu babu. Siku moja mezani alimpasulia mbele ya wote.

"Odette, hivi hukuambiwa? Mtu akishafika ghorofani, ngazi huondolewa."

"Na nyumba ikiwaka moto, Carruthers, aliyeiondoa ngazi atashukia wapi?"

Meza nzima ilipasuka kicheko. Carruthers alicheka pia, lakini cha juujuu.

Haukupita muda mrefu, manowari yao ilitumwa mbali, kulinda meli za mafuta katika mlango wa bahari mwembamba uliotenganisha nchi mbili zenye uhasama. Boti ndogo za makombora zilijificha visiwani mle, na moja ilikuwa imeshailipua meli ya watu wasio na hatia. Wanamaji walilala na viatu. Kana kwamba hofu haikutosha, ugonjwa wa tumbo uliingia melini ukawaangusha watu kama maembe ya upepo. Wasikilizaji wote walilazwa, isipokuwa mmoja tu, Zwicker, bwana mwenye ndevu za mviringo kutoka Lunenburg, aliyeshika zamu juu ya zamu mpaka macho yakaingia ndani.

Odette alipomwona, alimgusa bega. "Zwicker, toka kitini."

"Afande, kiti chako ni kile kikubwa kule."

"Kikubwa kina Carruthers. Nenda ukalale kabla hujaniangukia."

"Na ukiniharibia mtambo wangu?"

"Nitakupikia chakula kukuomba radhi."

"Basi niharibie tu mtambo, afande, wala usijisumbue." Zwicker alicheka, akajikokota kwenda kulala, na Odette akashika zamu yake.

Adhuhuri jua lilikuwa la utosi na vumbi la jangwani limetanda juu ya maji, hata mlinzi wa sitahani hakuona mbali. Ghafla king'ora kilipiga. Kioo cha mtambo kikawaka chekundu.

"Chombo kinatujia moja kwa moja!" alisema Carruthers. "Mtambo unasema ni boti ya makombora. Tumekiita kwa redio, hakijibu."

Nahodha Haliburton, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alisimama katikati ya chumba. "Tayarisheni silaha."

Odette alizikandamiza hedifoni masikioni, akafumba macho. Sauti ilikuja, ikapita, ikarudi, ikapita tena. Ilikuwa na mkwaruzo, ikipanda na kushuka, kama mzee mwenye mafua anayejaribu kuongoza kwaya. Akinyamaza na mtambo ukawa umekosea, wangewaua watu bure. Akisema na yeye akawa amekosea, wote waliokuwamo melini, na wale wagonjwa waliolala chini, wangekwenda na maji. Akapiga moyo konde.

"Nahodha, hiyo si boti ya makombora."

"Mtambo unasema ndiyo!" Carruthers alimaka.

"Mtambo unalinganisha namba za mawimbi tu. Rada hii imechoka, na uchovu ndio umezisogeza namba zake mpaka zikafanana na za boti. Watu wa vita hutunza vyombo vyao. Huyu anatunza kwa kamba na gundi. Tena anatafuta tu, hajatupata."

Nahodha alimsogelea. "Una hakika, Odette?"

"Hakika niliyo nayo ni ya masikio yangu. Nitabaki hapa hapa nikisikiliza. Sauti ikinyooka, nitapiga kelele kabla hujashusha pumzi."

Haliburton alimtazama, akatazama kioo chekundu, akamtazama tena. "Ondoeni vidole kwenye vitufe," aliamuru. "Geuza meli, mpe nafasi ya kupita. Tunangoja."

Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko mfungo. Sauti ilikuja, ikapita. Ikaja, ikapita. Ikaja, na moyo wa Odette ukasimama nayo. Ikapita.

Kisha mlinzi wa sitahani aliita kwa kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia na kucheka. "Nahodha! Ni meli ya abiria! Kuukuu! Watu wamejaa hadi juu ya paa, wana magodoro, wana mbuzi… Kuna watoto, nahodha. Wanatupungia mkono!"

Haliburton alivua kofia yake polepole, akaishikilia kifuani. Hakuna aliyeshangilia. Odette alibaki kitini akisikiliza mpaka sauti ile ikatokomea kabisa, ndipo akavua hedifoni. Carruthers alikuja na kikombe cha chai aliyoipika mwenyewe, akakiweka mbele yake.

"Odette," alisema kwa sauti ya chini, "ile ngazi, nakuomba unioneshe inavyoshukwa."

"Kesho asubuhi," Odette alijibu. "Njoo na subira."

Manowari iliporudi nyumbani, Odette hakwenda kwake kwanza. Alivuka bandari kwa feri hadi Dartmouth, akagonga mlango wa Mzee Pottle, ambaye siku hizo alikuwa amestaafu na masikio yake yamemtupa mkono. Ikabidi Odette amsimulie kwa kupaza sauti.

"Polepole, mwanangu!" mzee alimkatiza. "Siri ya serikali hiyo, nawe unaitangazia mtaa mzima! Jirani yangu pale dirishani ameshasahau kumwagilia maua."

Odette alihamia kochi moja naye, akamalizia kisa sikioni mwake. Mzee Pottle alimgeukia. "Watoto walipunga mkono?"

"Wote, Mwalimu. Mlinzi aliwaona."

Mzee alivua miwani akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa na vumbi. "Nimefundisha maisha yangu yote nikiomba jambo lisitokee. Na kwa jambo lisilotokea, binti, hakuna anayekuja kukwambia ahsante."

"Mimi nimekuja," alisema Odette. Maneno yaliyomkwama kooni ujana wake wote yakatoka, na machozi yakatoka nayo. "Ahsante kwa kukosa nafasi ya kunifukuza."

Mwaka uliofuata Odette alipandishwa kuwa Kamanda, akakabidhiwa chuo cha kufundishia wasikilizaji. Siku ya sherehe, mbele ya admirali, bendi na wageni waliovaa wakapendeza, aliulizwa angependa mkubwa gani amvishe alama za cheo kipya. Alimtaja mkufunzi mstaafu Wallace Pottle. Mzee alipanda jukwaani kwa mkongojo, suti imembana tumbo. Mikono yake ilitetemeka, na alama ya bega la kushoto akaibandika juu chini.

Admirali aliinama akanong'ona, "Kamanda, ile imegeuka."

"Najua, afande," Odette alijibu akitabasamu. "Nakuomba uiache hivyo hivyo mpaka jioni."

Naye hakuigusa. Alizunguka nayo ukumbini akiwasalimia wakubwa na wadogo, mkono mmoja umeshika ule wa mwalimu wake, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Hakika wahenga hawakukosea waliponena: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.