Mikwaju Saba na Barabara ya Mwenyekiti

Bi Zamda, mtunza bustani wa shule ya msingi, alikuwa amemwagilia mikwaju saba ya manispaa tangu ikiwa miche. Sasa watoto walinywea uji kivulini mwake.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, tajiri Kihwele, alijitolea kujenga barabara mpya ya kuingilia. Aliitaka inyooke kama rula kutoka getini hadi ofisini, na mikwaju ilikuwa katikati.

"Ijumaa nakuja kuizindua," alimwambia Bi Zamda. "Barabarani nisione mti hata mmoja."

"Hutauona, Mwenyekiti. Ila mafundi hawatanisikiliza mimi. Niandikie maneno hayo hayo, na kwamba wafuate maelekezo yangu."

Kihwele aliandika, akatia saini, akaondoka ameridhika.

Ijumaa alishuka garini akakuta mikwaju yote saba imesimama. Alimwita Bi Zamda mbele ya wazazi na ofisa wa miti wa manispaa.

"Nilikuagiza nini?"

"Barabarani usione mti, Mwenyekiti. Nionyeshe ulioko barabarani."

Kihwele alitazama. Barabara ilikata kushoto getini, ikaizunguka mikwaju yote, ikatokea ofisini.

Kabla hajafungua mdomo, ofisa alimpa mkono. "Hongera, Mwenyekiti. Wengine wangeikata, nasi tungewapeleka mahakamani. Wazo la kuizungusha barabara lilikuwa la nani?"

Kihwele alimtazama Bi Zamda, ambaye alikuwa akiokota ukwaju ulioanguka.

"Langu," alisema Kihwele.