Ganda la Yai la Kanga

Paukwa!
Pakawa!
Aa, hiyo sauti ya njaa. Paukwa!
PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, kando ya korongo, waliishi Mama Tumbili na binti yake, Masika. Tumbili walikuwa na desturi. Kiangazi kikifika, ukoo mzima huruka korongo kwenda ng'ambo, kwenye maji. Kila mtoto huruka mwenyewe. Asiyeweza hubaki nyuma. Na nyuma hubaki nani tena? Chui!

Jirani yao alikuwa Bi Ng'ombe, mkarimu kweli. Kila asubuhi alileta kibuyu cha maziwa. "Mpe mtoto, jirani. Maziwa ndiyo mifupa."

Masika akanywa, gudu gudu gudu. Jua halijapanda, tumbo likaanza: guru guru guru! Akakimbilia kichakani. Prrr! Msicheke, nyie.

"Mama, maziwa yananiumiza."

"Huna nguvu, ndiyo maana. Ongeza!"

Akaongeza. Guru guru guru! Prrr!

"Ongeza!"

Mama huyo, mapenzi tele, masikio hana.

Masika akachoka. Akawa anayamwaga maziwa kichuguuni kwa siri, anashindia ndizi, ndizi tupu. Tumbo likatulia, lakini miguu ikaanza kutetemeka. Siku moja akajaribu kuruka mtaro mdogo. Puu! Chini.

Mama akaangua kilio. "Kiangazi hicho kinakuja! Mwanangu ataliwa!"

Masika naye akatoboa siri. "Maziwa nayamwaga, mama. Nala ndizi tu."

Kanga alikuwa karibu, anapekua majani, paru paru paru. "Shoga, kulikoni?" Akaelezwa. Akacheka, kwa-kwa-kwa! Akasogeza yai lake. "Ligonge."

Mama Tumbili akaligonga, ko! Akaligonga tena, ko ko! Ganda halikupasuka.

"Gumu, sivyo? Umewahi kuniona nikinywa maziwa?"

"Sijakuona."

Kanga akamgeukia Bi Ng'ombe, aliyekuwa kando akicheua. "Na wewe, Bi Ng'ombe, mifupa mikubwa hiyo! Unakunywa maziwa?"

Bi Ng'ombe akaacha kucheua. Akafikiri. "Mimi? Mimi nakula majani!"

Wakatazamana. Mama Tumbili aliona haya, mkia ukalala chini.

Kanga akawaongoza hadi kwenye shamba lililoachwa. Masika akala mchicha, akala kunde, akala ufuta. Kijitoni akala dagaa, mifupa na yote, karu karu karu. Bi Ng'ombe hakununa. Alileta mtindi, funda moja tu la kuonja. Tumbo likinyamaza, vyema. Likinguruma, basi, hakuna kulazimishana. Likanyamaza.

Kiangazi kikafika. Ukoo ukaruka, mmoja mmoja. Zamu ya Masika. Mama akafumba macho. Masika akarudi nyuma, akakimbia, tu tu tu tu, akajirusha... paa! Ng'ambo!

Mama akaruka nyuma yake, akamkumbatia huku analia kwa furaha. Akakumbuka kuuliza: "Mwanangu, tumbo linasemaje?"

"Limenyamaza, mama. Linataka ufuta."

Safari hii mama alisikia.

Basi, wazazi na watoto, shikeni hili: chakula kinachomjenga mmoja huweza kumuumiza mwingine. Mtoto akisema tumbo linauma, msikilize. Na ukiacha chakula kimoja, usikae na pengo, tafuta kingine cha kujenga mwili.

Hapo ndipo hadithi yangu imeishia, na ufuta uliobaki nautafuna mwenyewe.